Wote Aliowapiga Vitus

Aroni jirani yetu anasema Lutengano aliruka. Kuanguka ni kitu kingine, anasema, yeye aliruka. Kaka yangu Vitus alimpiga ngumi moja ya mkono wa kulia, na yule mtu wa Uyole, mtu mzima wa kilo zaidi ya mia, akaachana na ulingo kwa miguu yote miwili, akakaa hewani kidogo kama anafikiria, kisha akashuka kwa mgongo na ukumbi wote ukatikisika. Kinga ya meno ilimtoka mdomoni ikaenda kutua kwenye sahani ya mgeni rasmi, katikati ya nyama choma. Mgeni rasmi akaisogeza kwa uma akaendelea kula. Refa badala ya kuhesabu alipiga magoti kumsikiliza kama bado anapumua, na mama mmoja upande wa nyuma akaanza kulia, "Jamani, wamemuua mtoto wa watu!"

"Ulikuwa umekaa wapi?" nilimwuliza.

"Mbele kabisa. Jasho lake lilinirukia hapa." Akagusa shavu.

"Jana ulisema ulikuwa nyuma mpaka ikabidi upande juu ya kiti."

"Tekla, wewe una tabia mbaya ya kukumbuka," alisema Aroni, na wapakiaji waliokaa kwenye benchi langu wakacheka hadi chai ikawamwagikia.

Aroni ni seremala. Karakana yake inatazamana na banda langu la chai hapa Mafinga, nyuma ya yadi ya mbao, na vitanda vyake vinaaminika kuliko maneno yake. Siku ya pambano alipata lifti ya lori la mbao mpaka Mbeya. Mimi nilikuwa nimempeleka mama hospitali ya Tosamaganga kutazamwa macho. Katika mapambano yote ya Vitus, hilo la Mbeya ndilo pekee ambalo sikuliona mwenyewe, na ndilo lililomleta Philbert mpaka hapa yadini.

Philbert ni promota wa Iringa mjini, ndiye anayemwandalia Vitus mapambano. Alikuja asubuhi ya mvua, kavaa viatu vyeupe, anakanyaga unga wa mbao kwa ncha za vidole. Hakukubali kukaa. Alisema Masumbuko wa Dar anatafuta mtu wa uzito wa juu wa kugombea naye mkanda wa taifa, na ukiizunguka nchi hii yote hakuna aliyebaki ila Vitus Kalinga, Gogo la Mufindi, mtu ambaye hajawahi kushindwa.

"Jumapili jioni nitapiga simu," alisema. "Nataka kusikia ndiyo. Bango limeshaanza kutengenezwa."

Yadi nzima, ambako Vitus naye ni mpakiaji, ililipuka kwa kelele. Mpakiaji mmoja alijaribu kumbeba Vitus mgongoni, akashindwa, wakaanguka wote kwenye maranda. Vitus alicheka nao. Kisha akajipangusa, akanitazama mimi niliyekuwa nakanda unga.

"Nitajibu Tekla akishasema," alisema.

Philbert alinigeukia kama mtu aliyeambiwa aombe ruhusa kwa sufuria. "Kumbe dada naye ni kocha?"

"Hapana," Vitus alijibu. "Lakini hawa wote wananisifu hata nikipiga chafya. Huyu tangu nianze ngumi hajanisifu hata siku moja."

Ni kweli, sijawahi. Mama ndiye aliyenituma niwe namfuata kila anakopigana, nimshikie maji na taulo, nimrudishe nyumbani akiwa mzima. Mtu aliyeshika maji na taulo hapati nafasi ya kushangilia. Kwa hiyo niliwatazama: muuza nyama wa Makambako, mlinzi wa baa wa Njombe, mpakia nyanya wa Ilula aliyepanda ulingoni na kaptula ya mpira wa miguu. Philbert alikuwa akiwapata hivyo hivyo. Pambano likikaribia anapita sokoni na kwenye mashine za kupasulia mbao, anatafuta mtu mkubwa kuliko wote, anamvalisha glavu. Wote walikuwa wakubwa. Wote walianguka. Na kila walipoanguka nilirudi nyumbani na swali, nisijue ni swali gani.

Sasa lile swali halikutulia tena. Nilitia chumvi kwenye maandazi badala ya sukari. Nilihesabu vikombe nikasahau, nikaanza upya. Usiku nilisikia Vitus naye akigeuka upande wa pili wa ukuta, kitanda kikilia, na mama chumbani kwake akikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.

Asubuhi Vitus alinionyesha video ya Masumbuko kwenye simu. Masumbuko alikuwa mkubwa kama yeye, lakini miguu yake ilikuwa kama ameiazima kwa mtu mdogo. Aliingia, akagusa, akatoka. Mwenzake aligeuka kumpiga pale alipokuwa, naye hayupo pale. Ikawa hivyo, hivyo, mpaka yule mwenzake akachoka kumtafuta, na hapo ndipo alipopigwa chini ya sikio. Hakuanguka. Alitembea mwenyewe mpaka kona ambayo si yake, akakaa, akaanza kuongea na watu ambao hawakuwepo.

"Huyu jamaa yuko wapi sasa?" niliuliza.

"Yuko kwao. Mwalimu Saulo anasema mke wake ndiye anayemlisha."

"Na bado unataka kwenda?"

"Ndiyo maana nakuuliza." Alisimama, akatoka nje, akarudi, akafunua sufuria ambayo haikuwa na kitu, akaifunika. "Mdogo wangu, mimi nikimpiga mtu anaanguka. Hiyo naijua. Lakini sijui kama ni mimi au ni wao."

Nilimwambia anipe siku mbili tatu.

Nilianza na mwalimu Saulo, anayemfundisha Vitus ngumi. Saulo alipigana zamani kwenye timu ya kiwanda, enzi ambazo viwanda, jeshi na reli vyote vilikuwa na mabondia wao. Nilimkuta shambani kwake anapalilia mahindi, suruali imelowa mpaka magotini.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja kuniuliza kuhusu kaka yako. Hata mimi ningejiuliza, ila nimechoka kujiuliza." Akaegemea jembe. "Wakati wetu wazito walikuwa wengi mpaka unakata tamaa. Unampiga huyu, kumbe mwingine amekaa pembeni anakusoma, anajua mkono wako unatokea wapi. Mkikutana mwezi ujao huna siri. Timu zilipokufa, wazito wakafa nazo. Wembamba hawapungui, kila mtaa wapo. Lakini mtu wa kilo mia, leo nani ana muda wa kumfundisha? Anaitwa akabebe magunia."

"Vitus angekuwa wakati wenu, angekuwa wa ngapi?"

"Pengine wa kwanza." Akang'oa jani, akalitupa. "Pengine wa kumi. Wa kumi wa mkoa, si wa taifa. Nimemfundisha miaka yote hii na sijui. Nitajuaje, Tekla? Sijawahi kumwona akipata shida."

"Basi mwambie asiende."

"Na kama ni wa kwanza?"

Alirudi kwenye magugu yake, lakini alikuwa anapiga jembe mahali ambapo ameshapalilia.

Nikafikiri: kama anayemfundisha hajui, na anayemsifu ni mwongo, amebaki aliyepigwa. Kesho yake nilimwachia shangazi banda nikapanda basi la Mbeya. Aroni alinisindikiza mpaka barabarani.

"Ukimkuta Lutengano bado yuko hewani," alisema, "mwambie ashuke, tumeshamaliza."

Lutengano hakuwa hewani. Nilimkuta Uyole, kwenye maghala ya viazi, kasimama nyuma ya lori anapokea magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita mdomo, kutoka juu. Taya lake la kushoto lilikuwa bado limevimba. Aliponiona alishusha gunia, akafuta mikono kwenye kaptula, akanipa mkono kwa heshima, ameushika wa kulia kwa wa kushoto.

"Ndaga, dada. Wewe ndiye unayemshikia maji."

"Siku ya kwako sikuja."

"Ndiyo maana hukuniona nikiruka." Alicheka, akajishika taya. "Hapa nao wanasema niliruka. Ningekuwa najua kuruka wangenipa kazi ya juu ya gari, ya kupanga."

Alininunulia soda. Hakuwa na hasira na kaka yangu hata kidogo, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi kuliko kama angekuwa nayo. Nilimwambia ukweli wote: Dar, Masumbuko, yule mtu anayelishwa na mkewe, simu ya Jumapili. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kaka yako ana mkono," alisema. "Hilo sitamnyima. Lakini ngumi ile niliiona."

"Uliiona?"

"Tangu inatoka nyumbani kwao. Niliiona inapita njiani, niliiona inafika."

"Sasa kwa nini hukukwepa?"

Alinitazama kama nimemwuliza kwa nini hakuvua nguo. "Mbele ya hawa?" Akaonyesha wenzake kwa kidevu, walivyokuwa wakipita na magunia mabegani. "Dada, gunia likishushwa kutoka juu, unakwepa? Ukikwepa wewe linamwangukia aliye nyuma yako. Mtu akikwepa mzigo mara moja hapa, hapati tena wa kubeba naye. Mimi mwili wangu unajua kitu kimoja tu: kinakuja, panua miguu, kaza shingo, pokea. Ngumi ilikuja. Nikapokea. Nilipoamka walikuwa wananipepea na kofia."

Niliweka chupa ya soda chini. Kule kwetu ni hivyo hivyo. Nguzo ya umeme inapowekwa mabegani mwa watu, kila mmoja anasimama pale pale mpaka ikae. Mvua zilizopita kuna mmoja alisikia nguzo inateleza akaruka pembeni, ikamvunja mwenzake mguu. Hakupigwa wala kufukuzwa. Walimwita Mkwepaji, asubuhi Mkwepaji, jioni Mkwepaji, hakuna aliyekaa naye kwenye benchi langu, mpaka mwenyewe akahama Mafinga. Na wote aliowapiga Vitus, wa nyama, wa nyanya, wa mbao, walikuwa watu wa kubeba. Niliwaona tena mmoja mmoja, wamepanua miguu, wamekaza shingo. Hata yule mlinzi wa baa alikuwa kuli kabla hajawa mlinzi.

"Na yeye?" niliuliza. "Wewe ulimpiga?"

"Mbili. Mimi, mtu wa viazi." Lutengano alishusha sauti, kama asingependa niumie. "Zote mbili alizipokea. Usoni. Hakusogea hata hivi. Nikasema moyoni, kumbe na huyu ni mwenzetu."

Niliinuka, nikakaa tena. Nilimwuliza kama kuna bondia yeyote anayemjua ambaye hajawahi kubeba kitu.

"Yupo mmoja, Andendekisye. Anatengeneza simu hapo stendi. Mwembamba, ukimvuta sikio mwili wote unafuata. Lakini tangu ameanza ngumi mimi sijaona mtu aliyempiga akampata vizuri. Nitamwomba aje. Mimi akikataa nitamkalia."

Andendekisye alikuja Mafinga Jumamosi mchana, na begi dogo la shule mgongoni. Wapakiaji walikuwa wamemaliza semi trela moja na nyingine ilikuwa inasubiri mvua ikatike. Mwalimu Saulo alifunga kamba kwenye marundo manne ya mbao chini ya paa la yadi, akamwaga maranda katikati, ikawa ulingo. Walimwagika watu mpaka juu ya magogo, wengine na vikombe vya ulanzi, pombe ya mianzi, mkononi.

"Ndio huyu?" mmoja alipiga kelele. "Mtieni mawe mfukoni, upepo usije ukamchukua!"

"Vitus, usimpige, mpulize tu!"

Andendekisye aliwapungia mkono wote, akavaa glavu, akanijia mimi pembeni. "Dada, unataka nifanye nini hasa?"

"Fanya unavyofanya siku zote."

Raundi ya kwanza kaka yangu alipiga hewa. Sijui niseme vipi vingine. Alirusha ule mkono uliomlaza muuza nyama wa Makambako, na mahali ulipofika hapakuwa na mtu. Andendekisye alikuwa ameshapita pembeni, anamgonga usoni, tap, tap, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo. Hakuwa na nguvu za kumwumiza. Alimgonga tu, na kila mara Vitus alisimama, miguu imepanuka, shingo imekazwa, akapokea.

Juu ya magogo walianza kukasirika.

"Pokea na wewe! Pokea moja tuone!"

"Mkwepaji! Amekuja kucheza ngoma!"

"Mwalimu, mfunge miguu huyo mtu!"

Aroni alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Ila nilimwona anapiga kelele huku amekunja uso, na macho yake hayatulii.

Raundi ya pili ndipo kilipotokea kile ambacho mpaka sasa nakizungusha kichwani. Andendekisye aliingia na ngumi ya kulia, ya haraka, haikuwa tofauti na zile nyingine. Kichwa cha Vitus kikaondoka. Hakikuondoka sana. Kilisogea kiasi kile kile kilichotakiwa, ngumi ikapita sikioni, na kabla mguu wa yule mwembamba haujarudi chini, mkono wa kushoto wa kaka yangu, ule ambao hautumii, ulikuwa umeshafika mbavuni kwake. Haukupiga kwa nguvu. Ulifika tu. Andendekisye akakaa kwenye maranda, mdomo wazi, akiwa amejishika ubavu.

Nilikuwa nimeshika taulo. Nililiuma.

Hakuna aliyeshangilia. Yadi ilinyamaza mpaka nikasikia mashine ya kupasulia ya jirani. Kisha mmoja wa wale ambao Vitus anabeba nao nguzo, mtu mzima, Didas, alicheka kicheko kifupi. "Vitus," alisema, "na wewe umeanza?"

Niliuona uso wa kaka yangu. Alifanana na mtu aliyefumaniwa na mkono kwenye mfuko wa mwenzake. Andendekisye aliinuka, akarudi kupigana, na Vitus akashusha mikono yote miwili, akatoa kidevu mbele, akamngoja. Ya kwanza akaipokea. Ya pili ilimtoa damu puani, akaipokea. Hapo wakaanza kushangilia tena, wakapiga magogo kwa miti, "Gogo! Gogo! Gogo!" na mwalimu Saulo akagonga debe kumaliza, ingawa muda ulikuwa haujaisha.

Walisema Vitus ameshinda, kwa sababu mwenzake alikuwa anakimbia.

Nilimfuata mwalimu Saulo. "Umeiona ile moja?"

"Bahati," alisema, akikunja kamba. Akaikunja vibaya, akaikunjua, akaanza upya. "Au si bahati. Tekla, usinitazame hivyo."

Andendekisye alikuwa amekaa nyuma ya banda langu anapumua kwa upande mmoja. Nilimpa chai. Nilimwuliza na yeye.

"Hizi zote nilizompiga," alisema, "hazina maana. Mimi ni mwepesi, yeye mzito, mtu wa uzito wangu lazima amchezee mzito. Usimhukumu kwa hizo." Akanywa, akakunja uso. "Ile moja lakini, dada, sikuiona kabisa. Na mimi huwa naziona."

"Kwa hiyo anaweza?"

"Ingekuwa mbili ningekuambia. Moja hata mlevi anaweza kuitoa." Akacheka, akaacha ghafla kwa sababu ya mbavu. "Nitalala kwa fundi Aroni. Mbavu zikikubali, kesho nipo."

Mvua ikakatika. Semi trela ya pili ikarudi nyuma mpaka kwenye nguzo, dereva akapiga honi. Vitus alikuja bandani, pamba puani, akakaa kwenye benchi na kuanza kuvaa viatu vyake vya kazi. Alikuwa ameshavaa kimoja aliposema bila kuinua uso:

"Haya. Umeona. Sema."

"Kaka, nimeona mtu mwembamba anakugonga raundi nzima na wewe umesimama."

"Nilimpokea."

"Masumbuko si mwembamba."

Aliivuta kamba ya kiatu, ikakatika, akaitazama, akaanza kuunga mafundo.

"Na nimeona ile moja," nilisema.

"Ipi?"

"Unaijua."

"Ilinitoka tu."

"Ilitoka wapi?"

"Sijui, Tekla!" Aliinua sauti, kisha akaangalia upande wa wenzake, akaishusha. "Sijui ilitoka wapi. Sijawahi kufundishwa. Nilishtukia tayari. Na ilikuwa..." Alitafuta neno, mkono wake wa kushoto ukafunguka na kufumba juu ya goti. "Ilikuwa tamu. Halafu nikasikia walivyonyamaza. Ulimsikia Didas? Sasa hivi naenda kusimama naye kwenye nguzo moja. Yeye mbele, mimi nyuma. Mtu akishakutilia shaka mgongoni kwake, utabebaje naye?"

"Na Dar utasimama na Didas?"

Simu yake iliyokuwa kwenye benchi ikawaka, jina la Philbert likatokea, ikatetemeka mpaka ikafika ukingoni, nikaidaka. Hakuipokea, wala sikumpa. Ilikuwa bado Jumamosi. Hata Philbert alikuwa ameshindwa kungoja.

Mama alikuwa ametoka nyumbani, amesimama ng'ambo ya barabara na kanga kichwani. Hakuvuka. Alikuwa ananitazama mimi, na nilijua anangoja niseme neno moja, usiende, na kwamba nikilisema Vitus atanisikiliza, maana alishaahidi mbele ya watu. Ningelisema lingekuwa limekwisha. Angebaki na mzigo wake na Didas wake, na kila jioni Aroni angetusimulia jinsi watu walivyokuwa wakiruka. Na kama ile ngumi moja ilikuwa ya kweli, basi mimi ndiye ningekuwa nimeifukia. Nikisema nenda, na kumbe ilikuwa bahati, kijiko cha kumlisha kitakuwa mkononi mwangu na mwa mama, kwa sababu Vitus hana mke.

"Pakia!" walimwita kutoka kwenye lori. "Gogo! Au umeshakuwa mtu wa Dar?"

"Nakuja!"

Nilichuchumaa mbele yake ili asiweze kutazama kwingine.

"Kaka, sikiliza. Kwa wote uliowapiga mimi siwezi kujua kitu. Ningewatazama hata kumi wengine nisingejua. Walisimama wakangoja. Kwa ile moja ningejua, lakini ni moja. Kwa hiyo nakuomba. Kesho tukitoka kanisani, Andendekisye atakuwepo. Simama naye hapa hapa, na hawa hawa wawe juu ya magogo, Didas awe mbele. Ukwepe. Ukwepe kila ngumi atakayoleta, raundi nzima, wao wakuite majina yote wanayoyajua. Usipokee hata moja. Nikishaona, Philbert akipiga jioni nitasema neno langu, liwe ndiyo, liwe hapana, na nitalisimamia mimi mwenyewe mbele ya mama."

Honi ililia tena. Didas alikuwa ameshainua upande wa mbele wa nguzo, ameuweka begani, anangoja, bila kugeuka nyuma.

"Umesikia, kaka? Raundi moja tu."

Vitus alikuwa amemaliza kuunga kamba. Aliipitisha kwenye tundu, ikagoma, akailamba ncha, akaipitisha tena.

"Nakuomba," nilisema.

Alifunga kiatu, akakifungua, akakifunga upya.